Pilau ya Maziwe

Shemeji yangu wa Dodoma alikuja Tanga na ratiba yake tayari. Asubuhi magofu ya Tongoni, ambayo yako njiani kabla hujafika Kigombe. Mchana kivuko cha Pangani, kuvuka mto hadi Bweni na kuutazama mji kutoka kule juu. Kisha bodaboda mpaka Ushongo, kama kilomita 15, na ngalawa ya kumfikisha kisiwa cha Maziwe saa kumi jioni. Bahari peke yake ndiyo hakuiuliza.

Maziwe ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja. Maji yakijaa, halionekani. Kwa hiyo hapa huanza hesabu ya mwezi: ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kwetu siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Mwenye akili huondoka saa mbili asubuhi, akarudi kabla upepo wa alasiri haujayachafua maji.

Shemeji alinionyesha simu: maji kupwa, 10:00.

"Saa kumi hiyo!"

Nikamwambia simu huhesabu toka usiku wa manane, hiyo ni saa nne. Akasema simu haikosei. Na ukikosea kwa saa sita baharini hukosei kidogo: umetoka maji kupwa ukaangukia maji kujaa kamili. Lakini mgeni hapingwi mara mbili.

Nahodha alituangalia, akaangalia sufuria ya pilau. "Mnataka kisiwa au mnataka matembezi?"

"Kisiwa."

"Haya, pandeni."

Saa kumi na kitu akashusha tanga katikati ya maji. "Tumefika."

"Wapi?"

"Maziwe."

Shemeji hakuamini, akashuka na sufuria kichwani. Maji ya kifua. Mkeka wa kukalia ukamponyoka, ukashika njia ya Pemba peke yake. Akala matonge mawili kwa kusimama, kila wimbi likija anainua sufuria juu. La tatu likaingia ndani, kachumbari ikakolea chumvi.

Tuliporudi Ushongo, shemeji akagoma kulipa nauli yote. Kisiwa hakikuwepo, alipe nini?

"Kilikuwepo, mwanangu," nahodha akamwambia. "Ulikuwa umesimama wapi wakati unakula?"