Miezi Mitano ya Kufukuza Upepo

Jamani, upepo ni bure. Uko nje, uko ndani, uko mpaka kwenye mifuko ya suruali yangu, ambamo siku hizi hamna kingine. Sasa niulizeni mimi, mtu mzima mwenye akili zake, kwa nini nimemaliza miezi mitano gerejini nikihangaika kuuingiza upepo huohuo ndani ya pipa la chuma.

Chanzo ni tairi. Tairi la nyuma la kushoto la gari letu lilikuwa linaamka limelegea kila asubuhi, na kila asubuhi mimi na pampu ya mguu tunahema mbele ya nyumba kama tunaofukuzwa. Ndipo nikasikia kuna mwenye karakana anataka kuondoa kompresa yake ya zamani, mashine ya kubana upepo ndani ya tangi. "Chukua tu," akaniambia. "Nzima kabisa, ina kijitatizo kidogo." Mtu akikupa chuma kizito bure, halafu akakusaidia kukipakia huku anatabasamu, ujue anayesaidiwa hapo si wewe.

Mama watoto alipoona inashushwa aliizunguka mara moja, kimya. Kisha: "Baba watoto, yote hii ni ya tairi moja?" Nikamjibu kwamba mambo ya ufundi hayaelewi. Kauli hiyo naendelea kuilipia.

Kijitatizo cha kwanza kilikuwa tangi. Chini ya tumbo la tangi kuna koki ya kutolea maji. Ndiyo, maji. Hewa ina unyevu wake. Ukiibana, ikapoa, unyevu unageuka maji na kukaa chini. Mwenye mashine anatakiwa aifungue koki hiyo kila anapomaliza kazi. Mwenye hii, nadhani hata kujua kwamba ipo hakujua. Niliikwangua kwa brashi ya waya, nikaimwagia dawa ya kulainisha kutu, nikaibembeleza, nikaitukana. Siku ya tatu ikaachia, na tope jekundu la miaka yote hiyo likanishukia miguuni.

Hapo wapo watu wangepiga msasa, wakapaka rangi ya bluu, wakawasha. Mimi nawaogopa watu hao. Kutu ya tangi inakula kwa ndani. Nje kunang'aa, ndani chuma kimebaki karatasi. Nikapiga hesabu, na heri nisingepiga. Kichwa cha tangi langu, yaani ukuta wake wa mwisho, kina upana wa sentimita 40. Ukijaza presha ya bar 8 (bar ni kipimo cha presha), kichwa hicho kinasukumwa kwa nguvu ya tani 10 hivi. Yaani tembo wawili wameegemea ukuta kwa ndani wanasubiri mlango ufunguke. Na upande wa pili wamo wenzao wawili. Wote wanne wanalala gerejini kwangu, ukuta mmoja na chumba cha watoto.

Kwa hiyo tangi la namna hiyo halipimwi kwa upepo, linapimwa kwa maji. Nilimulika tochi ndani kwanza nitafute vishimo, kisha nikalijaza pomoni, lita 200, hewa isibaki hata pumzi moja, nikasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi: bar 12. Maji hayabanwi kama hewa. Chuma kikishindwa kinachuruzika tu, hakiondoki na paa.

Mama watoto akasimama mlangoni. "Si ulisema ni mashine ya upepo? Mbona unaipa maji?"

Sikumjibu, macho yangu yalikuwa kwenye geji. Mshale ulisimama kwenye 12 nusu saa nzima haujatikisika. Aliyevuja ni mimi, jasho.

Valvu ya usalama nilinunua mpya, na hapo sifanyi utani. Ile ya zamani nilipoivuta pete yake haikusogea hata unywele. Ilikuwa imeganda. Kazi yake pekee duniani ni kufunguka siku mambo yakiharibika, na yenyewe ilishastaafu bila kuaga mtu.

Pampu ya kompresa yenyewe sitaisimulia sana kwa sababu bado inauma. Nilifungua kichwa, gasketi ikatoka vipande vipande, valvu zimevaa masizi, ringi zimechoka, na boliti moja ikakatikia ndani ya chuma kama jino. Kuitoa boliti hiyo kulichukua wikendi mbili. Tuendelee.

Mota ikaja na maringo yake. Ukiwasha inasema "mmmmmm", kama mtu aliyeulizwa deni lake, na haizunguki. Hiyo ni kapasita ya kuwashia imekufa. Nikaweka mpya, mota ikashika, puli ikazunguka, mkanda ukalia, nikaita nyumba nzima ije ione. Akaja na jirani, ambaye anajua kila kitu isipokuwa njia ya kurudisha spana zangu. Akatazama kwa dakika moja, mikono nyuma.

"Jirani, mbona gurudumu linavuta upepo badala ya kupuliza?"

Naandika haya kwa uchungu: alikuwa sahihi. Gurudumu kubwa la pampu mikono yake imekatwa kama feni ili ipulizie silinda zipoe. Mimi wakati nafunga mota nilikuwa nimegeuza waya mbili za kuwashia, nayo inazunguka kinyumenyume kwa furaha kabisa, pampu inajaza upepo huku inajikaanga. Nikazima. Jirani akaondoka na spana namba 14.

Baada ya hapo ndipo nilipokutana na adui mwenyewe: psss. Zipo psss mbili, na hakuna mtu aliyeniambia. Mashine ikijizima kwenye bar 8, inatoa psss fupi. Hiyo ni afya, inashusha presha kichwani mwa pampu ili mota isipate shida kuwaka tena. Psss isiyokoma ndiyo maradhi: valvu ya kuzuia upepo usirudi haifungi, na tangi zima linatokea hapo. Yangu ilikuwa haikomi. Nikaisafisha valvu, ikakoma. Ikaanzia kwenye geji. Nikafunga geji kwa tepu nyeupe ya mafundi bomba, ikaanzia kwenye swichi. Nikawa natembea na sponji na kopo la maji ya sabuni kama mtu anayeogesha mtoto, napaka kila kiungo, nachungulia povu. Uvujaji haufi, unahama tu.

Wiki iliyopita ukaisha. Povu halikuvimba popote. Jioni nikavuta mpira mpaka nje, nikalijaza tairi la nyuma la kushoto kwa upepo wangu mwenyewe, nikaoga, nikalala kama mfalme.

Saa nane usiku nikaisikia. Psss. Nyembamba, ya mbali.

Nikashuka na tochi, sponji na kopo langu. Geji: bar 8, palepale. Nikapaka valvu, kimya. Swichi, kimya. Nikapaka koki, viungo, hata boliti ambazo hazigusani na upepo. Nikaweka sikio kwenye tangi nikawasikiliza tembo wangu, wamelala. Na bado: psss.

Nyuma yangu taa ikawaka. Mama watoto amejifunga khanga, ananyoosha kidole nje, hasemi kitu.

Nikaenda. Nikapiga magoti, nikapaka maji ya sabuni kwenye tairi la nyuma la kushoto, nikalizungusha mkono polepole. Karibu na katikati ya soli povu likavimba, likawa pulizo dogo zuri. Nikamulika. Kichwa cha msumari, kimesagika mpaka kinang'aa kama sarafu.

Mwanangu wa mwisho naye alikuwa ameamka. Akachuchumaa pembeni yangu, akaugusa kwa kidole.

"Baba, kwa hiyo ilikuwa huu tu?"

"Nenda kalale."