Ed Roman Hakuuza Mechi Peke Yake

Tangu NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, imfungie mchezaji Jontay Porter kucheza maisha kwa makosa ya kamari mwaka 2024, pale kijiweni kwetu habari za kuuza mechi haziishi. Juzi jamaa mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akairudia kashfa ya New York ya 1951, ya wachezaji wa kikapu wa vyuo waliohongwa ili kupunguza pointi, na kuimaliza kwa sentensi moja: wale walikuwa Wayahudi, ulitegemea nini? Watu wakacheka. Mimi iliniuma, na bado inaniuma.

Haya, tuwataje. Ed Roman, senta wa City College, chuo cha jiji la New York, kijana wa Bronx, alikuwa Myahudi. Al Roth pia. Ed Warner na Floyd Layne walikuwa weusi. Chuo chao hakikutoza ada, ndiyo maana kilijaa watoto wa wahamiaji na wa makabwela wa jiji. Mwaka 1950 vijana hao walibeba NIT na NCAA, mashindano mawili makubwa ya vyuo, msimu mmoja, na hakuna timu nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Chuo cha Bradley walifungwa fainali zote mbili. Chuo cha Kentucky walipigwa 89 kwa 50.

Hao hao Kentucky, timu ya weupe watupu! Kocha wao, Adolph Rupp, alijigamba kwamba wacheza kamari hawawezi kuwagusa vijana wake. Oktoba 1951 nyota wake Alex Groza na Ralph Beard wakakamatwa kwa hela walizopokea kwenye mechi ya NIT ya 1949 dhidi ya chuo cha Loyola. Sijasikia mtu akiuliza dini ya Groza.

Anayebeti anajua ilivyokuwa ikifanyika. Wachezesha kamari wameitabiria timu ushindi wa pointi kumi. Mchezaji aliyelipwa anahakikisha wanashinda kwa sita, na aliyemlipa, aliyebeti kwamba kumi hazitafika, anavuna. Pasi inafika magotini badala ya kifuani, beki anachelewa hatua moja, na jukwaani watu wanashangilia ushindi. Kijana wa miaka ishirini anajiambia hajamuumiza mtu, kwani timu yake imeshinda.

Alikosea, sibishi. Na umaskini haukumlazimisha, kwa sababu Junius Kellogg wa Manhattan College, mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ile, naye hakuwa na kitu. Januari 1951 aliahidiwa dola 1,000, akaenda kumwambia kocha wake. Kesi nzima ilifumuka kwa ujasiri wake, na Kellogg anastahili heshima kuliko anayopewa.

Lakini nani aliyekula donge nono? Mechi zilipigwa Madison Square Garden, ukumbi umefurika, vyuo vinagawana mapato ya milangoni, magazeti yanachapa tofauti za pointi za kubetia kila siku. Watu wazima wote hao walijua kamari imekaa viti vya mbele. Wachezaji peke yao ndio waliokatazwa kugusa hela. Usiku wa Februari 1951 timu ikiwa kwenye treni kutoka Philadelphia, imetoka kukifunga chuo cha Temple, wapelelezi wakawafuata; Roman, Roth na Warner wakachukuliwa. Salvatore Sollazzo, sonara aliyewahonga, alifungwa miaka 8 hadi 16, na hilo ni haki. Roman na Roth waliahirishiwa vifungo, wakaingia jeshini. Warner alipewa miezi sita jela. Sherman White wa Long Island University, mweusi mwingine, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa vyuo wakati ule, alipewa mwaka mzima. Tazama mwenyewe nani aliingia ndani na nani hakuingia. Jaji Saul Streit alivikaripia vyuo kwa maneno makali, lakini hakuna mkuu wa chuo aliyelala rumande.

Anayetaka mhalifu wa kweli amtazame Jack Molinas wa Columbia. Huyo alisimamishwa NBA 1954 kwa kubeti, kisha akawa kinara wa mtandao wa kuhonga wachezaji wa vyuo hadi alipofungwa. Naye alikuwa Myahudi. Uhalifu ulikuwa wake, wala si wa ukoo wake, na kumweka kapu moja na Roman ni uvivu wa kufikiri.

Roman alisoma hadi akapata udaktari wa saikolojia, akafanya kazi katika shule za New York, alifariki 1988. City College yenyewe ilimrudisha Floyd Layne kuwa kocha mwaka 1974. Chuo kilichoaibishwa kiliweza kusamehe. NBA haikuwafungulia mlango Roman, Warner, Layne wala White. Hakuna hata mmoja wao aliyecheza humo hata dakika moja.