Carmen akihamia Pemba, nani atayabeba maneno?

Kwenye taarab mtu hainuki kwenda kutuza kwa sababu fidla imepigwa vizuri. Huinuka kwa sababu ya ubeti: umemgusa, umemsemea la moyoni, au umemfikia yule aliyeketi safu ya tatu. Kundi la baleti, dansi ya jukwaani ya Ulaya inayosimulia bila maneno, linalotaka kuichukua opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, kama Carmen, kuiondolea waimbaji wote na kuicheza kwa miili peke yake pale Ngome Kongwe, Unguja, lianze kufikiri hapo. Makundi madogo ya baleti hupenda opera zenye jina kwa sababu hadithi inajulikana, muziki unajulikana na tiketi zinauzika. Kwetu Carmen haina jina la namna hiyo. Itabidi isimame kwa kile kitakachoonekana na kusikika usiku huo huo.

Opera yenyewe ni ya Georges Bizet, na ilionyeshwa mara ya kwanza Paris tarehe 3 Machi 1875. Carmen anafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku Sevilla, Hispania. Askari mmoja, José, anamwachia atoroke, kisha anaacha jeshi na kuingia kwenye magendo kwa ajili yake. Carmen anamchoka, anampenda Escamillo, mpigana na ng'ombe, na José anamchoma kisu nje ya uwanja huku watu ndani wakishangilia.

Wanaotaka hadithi ihamishiwe Pemba wana hoja nzito, na siioni kama ya kulazimisha. Badala ya tumbaku weka karafuu. Wanawake wameketi, mashada yamejaa mapajani. Shada hushikwa kwa mkono mmoja, hupindwa dhidi ya kiganja cha pili, karafuu zinaanguka jamvini, konyo linabaki. Wape wachezaji 8 kitendo hicho kimoja, wakifanye pamoja, kisha wapishane, kisha mmoja aache ghafla na kuinua macho. Carmen keshaingia bila kupigiwa tarumbeta. Magendo nayo hayahitaji kutungwa. Serikali ilipokuwa ikinunua karafuu kwa bei iliyo chini ya ile ya Mombasa, mashua zilivuka usiku kwenda pwani ya Kenya, na mtazamaji wa makamo hahitaji kuelezwa askari yule anasaliti nini. Na ng'ombe yupo: mchezo wa ng'ombe wa Pemba, unaojulikana Kengeja na kwingineko, wenye zumari, ngoma na nyimbo za wanawake.

Lakini hapo kwenye ng'ombe ndipo penye mtego. Sevilla ng'ombe huuawa. Bizet aliujenga mwisho wake juu ya vifo viwili vinavyokwenda sambamba, cha mnyama ndani na cha mwanamke nje. Pemba ng'ombe hufungwa kamba, huchokozwa, huchezwa, kisha hurudi zizini mzima. Wanaopinga uhamisho husema ulinganifu huo ukivunjika, mwisho unalegea. Mimi naona kinyume chake. Ng'ombe anarudi nyumbani hai, anasifiwa kwa nyimbo, na mwanamke amelala chini. Hapo hakuna anayeweza kukiita kifo cha Carmen sehemu ya mchezo, wala kusema mapenzi ndiyo yaliyomuua. Ameuawa na mtu aliyekataa kuambiwa hapana, na jukwaa litaonyesha hivyo.

Kuhusu muziki, watunzi wa baleti wenyewe hawakukubaliana. Roland Petit aliicheza Carmen London mwaka 1949 kwa muziki wa Bizet. Mwaka 1967, katika ukumbi wa Bolshoi, Moscow, Alberto Alonso wa Cuba alimtungia mchezaji Maya Plisetskaya Carmen nyingine, na mwanamuziki Rodion Shchedrin akaupanga upya muziki huo kwa ala za nyuzi na za kugonga tu, za kupuliza zote nje. Wengine walikwenda mbali zaidi. John Cranko alipotunga Onegin kule Stuttgart mwaka 1965 alitumia muziki wa Tchaikovsky bila kuchukua hata nota moja ya opera yake yenye jina hilo. Kenneth MacMillan alifanya vivyo hivyo kwa muziki wa Massenet katika Manon, mwaka 1974. Walikuwa na sababu. Wimbo wa opera umepimwa kwa pumzi ya mwimbaji na unasubiri maneno yake. Ukiucheza kwa fidla peke yake, unabaki kama mtu aliyefungua mdomo na kunyamaza.

Kwa bendi ya taarab kuna ugumu mwingine, wa mikono hasa. Mdundo wa habanera, ule wa wimbo wa Carmen wa kuingilia, ni mwepesi: pigo refu, fupi, kisha mawili sawa, na mpiga dumbaki ataushika siku ya kwanza. Mwendo wa sauti za wimbo ndio kazi. Unashuka nusu hatua kwa nusu hatua, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, haikuundwa kwa ajili hiyo. Nyuzi zake hufungwa tatu tatu kwa sauti moja, na kuibadilisha nusu kunataka kugeuza vijiwenzo vya pembeni. Mpigaji akigeuza katikati ya mwendo, atachelewa pigo au atagusa sauti isiyotakiwa. Basi mpeni akordioni na fidla huo mstari, udi ushike mapigo, na kanuni ingoje hadi muziki urudi kwenye hijazi au bayati, ngazi za sauti za taarab, ambako iko nyumbani. Muziki wa Bizet hauna tena ada ya haki, kwani alifariki mwaka ule ule wa 1875. Wa Shchedrin unayo. Asiye na fungu la kulipia asiuguse, hata kama rekodi ipo kwenye simu.

Nani basi atayabeba maneno? Watu wa baleti husema ukiingiza mwimbaji umekiri kwamba mwili umeshindwa. Wana haki kwa sehemu kubwa. Wivu wa José, uchovu wa Carmen na majivuno ya Escamillo huchezeka, na mara nyingi huchezeka vizuri kuliko yanavyoimbika. Lakini mwili hauna wakati ujao. Katika sehemu ya tatu ya opera Carmen anatazama karata na kuona mauti, yake kwanza, kisha ya José. Mchezaji anaweza kuonyesha hofu. Hawezi kuonyesha "nitakufa, na sitabadilisha njia". Hapo pawepo mwimbaji mmoja, ameketi na bendi pembeni kama ilivyo ada, na beti tatu za fumbo, zisizidi. Wengine wangetaka aimbe pia mwanzoni. Mimi ningemnyima, ili sauti yake ikija iwe ya kwanza usiku huo.

Yote hayo yatakwenda bure sakafu ikiwa mbovu, na hapa ndipo maonyesho ya nje hukosewa zaidi. Mchezaji akiruka na kutua juu ya saruji au mawe kwa wiki tatu za mazoezi, muundi huanza kuuma, na akiendelea mfupa hupata ufa. Inatakiwa sakafu inayonepa. Kwa uwanja wa futi 32 kwa 32 unahitaji mashiti 32 ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 kwa kila tabaka, yaani 64 kwa tabaka mbili za milimita 12, chini yake vipande vya sponji ngumu. Tabaka la juu lianze na mashiti yaliyokatwa nusu, viungo vyake visiangukie juu ya vile vya chini. Vikikutana, shiti moja linazama, jirani yake halizami, na kifundo cha mguu kinapinduka. Acha upenyo wa milimita 2 au 3 kati ya mashiti, maana hewa ya bahari huvimbisha mbao. Juu tandika kapeti ya plastiki, ifutwe kwa kitambaa kikavu kila sehemu ya onyesho ikimalizika, kwani usiku umande hushuka kimyakimya.

Viatu vya ncha, vile vya baleti vya kusimamia ncha za vidole, ningeviacha kabisa. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi. Jasho na unyevu huilainisha, na hata kwenye ukumbi mkavu jozi moja inaweza kuisha kwa onyesho moja. Mtunzi wa dansi wa Afrika Kusini aliyejulikana kwa jina la Dada Masilo aliitengeneza upya baleti ya Swan Lake na wachezaji wake wakacheza pekupeku, na haikupungua hadhi. Kibali cha mamlaka ya sanaa kiombwe mapema, onyesho liepuke masika na Ramadhani, na lianze baada ya sala ya Isha.

Kwa tukio la mwisho, igaweni bendi. Zumari na ngoma ziende nyuma ya ukuta wa ngome bila kipaza sauti, ili furaha isikike kutoka mbali, huku jukwaani wamebaki wawili tu, na mwimbaji amenyamaza. Ng'ombe asiletwe, wala mtu asivae pembe. Wachezaji wanne wapite nyuma wameshika kamba ya mita 10 iliyokaza, kichwa chake kikivutwa na kitu kisichoonekana, waende nayo zizini bila kumtazama aliyelala. Zumari iendelee hadi kamba ipotee.