Oliver Mtukudzi na gharama ya fumbo

Katikati ya Januari 2019 serikali ya Zimbabwe ilipandisha bei ya mafuta zaidi ya maradufu. Wananchi wakaingia barabarani, askari wakafyatua risasi, watu kadhaa wakafa na intaneti ikazimwa. Vumbi halijatulia, tarehe 23 mwezi huohuo, mwanamuziki Oliver Mtukudzi akafariki dunia mjini Harare akiwa na umri wa miaka 66, baada ya kuugua kisukari. Siku iliyofuata Rais Emmerson Mnangagwa akamtangaza shujaa wa taifa, heshima ambayo hakuna mwanamuziki aliyekuwa ameipata kabla yake. Ubishi wa miaka mingi ukafufuka: mtu aliyeimba machungu ya wanyonge maisha yake yote, inakuwaje avishwe taji na watawala walewale?

Mashtaka dhidi yake, kwamba alijificha nyuma ya mafumbo, ni mazito, na wanaoyatoa si watu wa chuki. Kwao kipimo ni Thomas Mapfumo. Mwaka 1977 wawili hawa walikuwa bendi moja, Wagon Wheels, na hapo ndipo Mtukudzi alipotamba kwa wimbo “Dzandimomotera”. Mapfumo, mzee wake kwa miaka saba, aliimba nyimbo za chimurenga, yaani mapambano, na utawala wa walowezi Wazungu chini ya Ian Smith ukamweka kizuizini. Uhuru ulipopatikana hakunyamaza. Mwaka 1989 alitoa “Corruption”, akiwaambia wakubwa wapya kwamba nao wanaiba. Kufikia mwaka 2000 nyimbo zake zilikuwa hazipigwi redioni, na akahamishia familia yake Oregon, Marekani. Alirudi kufanya onyesho Harare Aprili 2018, Robert Mugabe akiwa ameshaondolewa madarakani.

Mtukudzi hakuhama. Alizaliwa Highfield, kitongoji cha Waafrika katika mji ulioitwa Salisbury, ambao leo ni Harare, na akabaki nchini hadi mwisho. Alitoa albamu zaidi ya sitini, akajenga kituo cha sanaa cha Pakare Paye huko Norton ili vijana wajifunze muziki, na akakataa kusema hadharani nyimbo zake zinamlenga nani. Alipoulizwa na waandishi wa habari, aliwarudishia wasikilizaji kazi ya kutafsiri.

Mfano mkubwa ni “Wasakara”, uliomo katika albamu ya *Bvuma* ya mwaka 2000. Kwa maneno yake ya juu, ni wimbo wa kumwambia mtu akubali kwamba amezeeka, amechakaa. Mugabe alikuwa na miaka 76. Februari mwaka huo alikuwa ameshindwa katika kura ya maoni ya katiba, na Juni chama kipya cha upinzani cha MDC kikachukua viti 57 vya ubunge dhidi ya 62 vya ZANU-PF, chama chake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wafuasi wa MDC waliugeuza wimbo huo kuwa wao, na fundi wa taa katika onyesho mojawapo alijikuta mikononi mwa polisi kwa kumulika picha ya Mugabe ukutani wakati unaimbwa. Mwimbaji mwenyewe aliendelea kusema ni wimbo kuhusu uzee.

Wanaomlaumu wanasema huo ni ujanja wa kula huku na huku: ushangiliwe na wapinzani, usiguswe na serikali. Nami naona wana hoja pale wanapomtaja yule fundi wa taa. Fumbo lilimkinga aliyelitunga, likamwacha wazi aliyelielewa na kuonyesha kwamba amelielewa. Hilo halizungumzwi vya kutosha na sisi tunaompenda Tuku, kama mashabiki walivyomwita Mtukudzi.

Hata hivyo siwezi kuwafuata hadi mwisho, kwa sababu wanapima kazi yake yote kwa Ikulu. Mtukudzi aliishi na kuimba kwa ajili ya nyumba: mume na mke, mzazi na mtoto, jirani na mgonjwa. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 vita kubwa zaidi ya Zimbabwe ilikuwa ndani ya nyumba. Kwa makadirio ya wakati ule, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne aliishi na virusi vya UKIMWI. Watu walizikwa kila wiki na jina la ugonjwa halikutajwa msibani. Ndipo ukaja wimbo “Todii”. Wimbo ule hautoi amri wala hauhubiri. Unauliza tu tufanye nini, kwa Kishona, kwa Kindebele na kwa Kiingereza, ili asiwepo wa kusema haukumhusu. Unamtaja mja mzito mwenye virusi. Unamtaja anayebakwa na mtu aliyeambukizwa. Mambo ambayo familia zilifungiana milango ili zisiyaseme yakawa yanachezwa harusini na kwenye mabasi, watoto wanaitikia kiitikio. Hapo hakukuwa na maficho. Alitia kidole penye kidonda, na kidonda hakikuwa cha rais bali cha msikilizaji mwenyewe. Katika “Mabasa” aliendelea, akiomboleza wakati ambapo wazee wanawazika vijana wao.

Kabla ya hapo alikuwa ameimba “Neria”, wimbo wa filamu ya mwaka 1993 ambayo pia aliigiza kama kaka wa mhusika mkuu. Neria ni mjane anayenyang'anywa mali na ndugu wa marehemu. Wengi Afrika Mashariki waliofiwa na baba wanaijua hadithi hiyo bila kuhitaji tafsiri, na nadhani ndiyo sababu Tuku alipokelewa kwetu kama mtu wa nyumbani. Kumwambia shemeji kwamba anachokiita mila ni wizi kunahitaji ushujaa wake. Rais yuko mbali. Shemeji utakutana naye msiba ujao.

Tena lugha ya mafumbo hakuibuni ili kujikinga na Mugabe. Alipoanza, mtawala alikuwa Smith, na Kishona kilikuwa na hazina yake ya misemo ya kumwonya mkubwa bila kumvunjia heshima. Sisi tuliokulia kwenye taarabu na mashairi tunasema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Msanii wa namna hii anaacha nusu ya kazi kwa msikilizaji, na msikilizaji anayeshiriki kuumba maana huishika zaidi kuliko aliyehutubiwa. Njia zote mbili zinaweza kukaa jukwaa moja: Eric Wainaina wa Kenya, aliyeipasulia nchi yake ukweli wa rushwa katika “Nchi ya Kitu Kidogo”, aliimba “Twende Twende” pamoja na Mtukudzi bila yeyote kumwona mwenzake msaliti.

Utetezi wangu lakini unakwama penye jambo moja. Joice Mujuru alipopandishwa kuwa makamu wa rais mwishoni mwa 2004, Mtukudzi aliimba kwenye sherehe ya kumpongeza. Mashabiki wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Wimbo unaweza kuwa na maana mbili. Kupanda jukwaa la chama tawala hakuna maana mbili. Miezi michache baadaye, mwaka 2005, ilikuja Operesheni Murambatsvina, kampeni ya serikali ya kubomoa makazi na vibanda vya mijini, ambapo kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Wengi wao walikuwa watu wa vitongoji kama kile alichozaliwa, walionunua kanda zake. Wanaosema mwanamuziki lazima ale, kwamba bendi ina mishahara na kituo cha sanaa kina umeme wa kulipia, wanasema kweli. Ila njaa ya bendi haikumlazimisha kufika pale. Alikuwa na jina kubwa kuliko wanasiasa wengi wa nchi ile, na angeweza kukataa kwa adabu, jambo ambalo nyimbo zake zilikuwa zimetufundisha namna ya kulifanya.

Kwa hiyo sidhani kwamba taji la 2019 liliidhalilisha kazi yake, wala kwamba lilimjia bila sababu. Mshairi anayeacha mlango wazi kwa kila tafsiri ajue hata mtawala anaweza kupita humo. Mapfumo hawezi kudaiwa hivyo kirahisi, naye alilipa kwa kuishi mbali na wasikilizaji wake kwa miaka mingi. Lakini wakati yeye yuko Oregon, aliyebaki kuwaimbia waliokuwa wakizika watoto wao ni Mtukudzi, na wale wafiwa hawakuwa na nafasi ya kungoja siasa zitengemae.

Swali sasa wanalo vijana. Machi 2023 polisi waliingia jukwaani Chitungwiza na kulikatiza onyesho la mwanamuziki Winky D alipokuwa akiimba “Ibotso”, wimbo unaolalamikia dhuluma bila kumtaja mtu. Dola imejifunza kuligangua fumbo, na imeacha kujifanya mjinga. Kinga iliyomfaa Mtukudzi mwaka 2000 haimkingi anayeimba leo, na anayemlaumu Winky D kwa kusema mengi au machache aanze kuhesabu kutoka hapo.