Pedi Inalala London, Temeke Wanaitafuta

Mfanyakazi mwenzangu hapa London ana PS5, yaani PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony, tangu ilipotoka. Wiki hii kaniambia, kama mtu anayetoa ushauri wa kitaalamu, kwamba amezima mtetemo wa pedi na amezima ule ugumu wa R2 na L2, vile vitufe vya nyuma vya kuvuta kwa kidole. Vinamsumbua, halafu vinamaliza chaji. Spika ya kwenye pedi nayo kaizima. Kile kibao cha kugusa cha katikati anakibonyeza akitaka kufungua ramani, basi. Nimekereka, na nataka niseme kwa nini.

Pedi ile ndiyo PS5 yenyewe. Picha kali na kasi ya kufungua gemu utavipata kwenye kompyuta nzuri. Lakini kuvuta upinde na kusikia R2 inakuwa ngumu kidoleni, au kukanyaga mchanga na viganja vikajua kwamba huu ni mchanga na si kioo, hayo ndiyo mapya waliyotuletea. Sony waliweka ndani ya kila mashine gemu ya bure, Astro's Playroom, ambayo haihitaji hata kupakuliwa. Icheze jioni moja tu, utajua pedi ina uwezo gani. Kisha fungua gemu nyingine nyingi kubwa, utakuta mtetemo ule ule wa enzi za PS2. Kihisi cha mwendo kimo ndani ya pedi na gemu nyingi hazikigusi. Team Asobi, waliotengeneza ile ya bure, walirudi 2024 na Astro Bot, ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na ndipo baadhi ya wenzangu kazini wakaanza kuulizana: kumbe pedi inafanya hivi? Miaka minne baadaye!

Na si kwamba haikutangazwa. PS5 ilipoingia sokoni Uingereza Novemba 2020, zile alama za duara za kituo cha treni cha Oxford Circus zilibadilishwa zikawa pembetatu, duara, msalaba na mraba wa pedi. Kituo cha Mile End kikaitwa Miles Morales End. West Ham kikawa Horizon Forbidden West Ham, yote majina yaliyochezewa kwa majina ya gemu. Wakati huo England watu wamefungiwa majumbani kwa korona mara ya pili, maduka yamefungwa, mashine inauzwa mtandaoni peke yake na inaisha ndani ya dakika chache, kwa sababu walanguzi walikuwa na programu zinazonunua upesi kuliko mtu yeyote. Hadi Januari 2023 ndipo kampuni ilitangaza kwamba uhaba umekwisha. Fedha zote zile zilikwenda kuwaonyesha watu alama ambazo tayari wanazijua, kwa ajili ya mashine ambayo hawawezi kuipata, na yule aliyeipata hakuambiwa vya kutosha ameshika nini.

Sasa nipelekeni Temeke.

Kibanda nilichokulia kilikuwa na PS2 mbili na TV za chogo. Anayefungwa anapisha. Memori kadi moja ya MB 8 ilibeba ligi za mtaa mzima, zile za Master League kwenye PES, gemu ya mpira, na hakuna aliyethubutu kufuta ya mwenzake. PES ilikuwa na sehemu ya kuhariri timu, na vijana wakubwa walikaa nayo wakaandika wachezaji wa Simba na Yanga herufi kwa herufi, wakapaka jezi rangi, wakabishana kuhusu kasi ya winga mmoja mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima umeme. Usiku mashine ile ile ilionyesha filamu za kutafsiriwa, kwa sababu ilisoma DVD. Lenzi ikichoka fundi anaisafisha, analogi, kile kijiti cha kuongozea, ikilegea inabadilishwa, na pedi inarudi kazini siku hiyo hiyo. Huku London analogi ikianza kujisogeza yenyewe, wengi ninaowajua wananunua pedi mpya.

Ndiyo maana nasema, ile pedi ya mwenzangu ingefika kibandani asubuhi, kufikia magharibi hakuna kitufe ambacho kisingejulikana kazi yake. Na kuna mambo mengine yamo ndani ya PS5 kana kwamba yametengenezwa kwa nyumba zetu. Remote Play inakuruhusu kuhamishia gemu kwenye simu: mzee akitaka taarifa ya habari saa mbili usiku, TV anaachiwa, mtoto anaendelea pembeni kama Wi-Fi ya nyumbani inabeba. Share Play inamruhusu rafiki aliye mbali achukue usukani wa gemu yako kwa muda wa saa nzima. Kupokezana pedi! Kitu tulichokifanya kwenye benchi tangu utotoni. Nikiwauliza watu huku, wengi hawajui hata kwamba kipo.

Mtasema nimeanza kujidai. Kwamba nimekaa Ulaya, nimesahau mgao na LUKU, sasa nahubiri kuhusu mtetemo wa pedi. Hapana. Nayajua, na nalipia LUKU ya nyumbani kwetu mpaka leo. Mwingine atasema nchi ina shida ya maji na mimi nazungumzia gemu. Ndugu yangu, mtoto aliyechota maji alfajiri ana haki ya kucheza jioni, na hela anayotoa kibandani ni hela halali kama ya mtoto wa London.

Kinachoniuma zaidi ni orodha. Ukitaka kufungua akaunti ya PlayStation unachagua nchi. Afrika Kusini ipo. Oman ipo, kwa hiyo jamaa zetu wa Muscat wanaandika ukweli. Tanzania haipo, Kenya haipo, Uganda haipo. Ndugu zao walioko Unguja wanalazimika kusema wanaishi Uingereza au Marekani, kisha watafute kadi za zawadi za huko za kununulia gemu, ilhali kwetu hata bibi wa sokoni anapokea malipo kwa simu. Mei 2024, Sony walipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, zetu zikiwemo. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wakapiga kelele, sharti likafutwa ndani ya siku chache. Orodha ya nchi ikabaki vile vile.

Najua jibu linakuja: "Nyie mlizoea CD za kuchoma, nani atawaletea biashara?" Ni kweli tulicheza za kuchoma, PS2 zetu zilikuwa na chipu ya kuzifanya zizikubali. Halisi ilikuwa inauzwa duka gani? PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na kupenda PlayStation sisi tulifundishwa na vile vibanda, bila tangazo hata moja kwenye kituo cha daladala. Leo vijana wale wale wananunua bando, wananunua gemu halali kwa akaunti za kujificha. Wateja wapo, na wamesubiri vya kutosha.

Lakini nasi tuambiane. Wapo wa Masaki wanaoagiza PS5 Pro, ile yenye nguvu zaidi, wanaiweka sebuleni ionekane, halafu kuanzia Januari hadi Desemba wanacheza mpira tu na mtetemo wameuzima kama yule mwenzangu. Wapo wauzaji Kariakoo wanaouza mashine iliyopita Dubai bila risiti wala dhamana, na ukirudi nayo imeharibika unaambiwa uliiangusha. Na wapo wazazi ambao mtoto akionekana kibandani tayari ni mhuni, ilhali mtoto huyo huyo anajifunza kufungua pedi na kuirekebisha. Hayo Sony hawahusiki nayo.

Kwa wale wanaonitumia ujumbe kila ikikaribia Desemba: nitabeba ninachoweza, plagi ni ile ile ya pini tatu, hamhitaji adapta. Ila msiniagize ya digitali. Mnataka yenye diski, ya kuazimana na ya kuuza ukimaliza, si ya kupakua GB 100 kwa bando. Pro inakuja bila kisoma diski, unakinunua pembeni, na siku ya kwanza kinahitaji intaneti ndipo kikubali kufanya kazi, kwa hiyo mjipange. Na akaunti muichague kwa akili: nchi ukishaiandika haibadiliki, na diski ya Uingereza kwenye akaunti ya Marekani itacheza, lakini nyongeza zake utakazonunua huenda zisifunguke. Mkishawasha, anzeni na Astro's Playroom, na mtetemo msiuzime.