Mpe Amadeo, si Amadeus

Kama unamtafutia mtoto wa kiume jina na umeshachoka na akina Leonardo na Mateo, mimi nampigia debe Amadeo. Ndivyo wanavyoliandika Wahispania. Waitaliano wengi husema Amedeo. Kote kuwili ni jina la nadra, na ukilisikia, aghalabu anayeitwa ni babu wa mtu.

Asili yake ni Kilatini: ampendaye Mungu. Ni ndugu wa Theofilo, yule ambaye Luka anamwandikia Injili. Wakatoliki wa Kilimanjaro wanalijua kwa mkia wake wa Kilatini, Amedeus, na hapo ndipo ninapobishana na watu, maana hoja yao huwa ni Wolfgang Amadeus Mozart, yule mtunzi wa muziki. Haya, Mozart alibatizwa Salzburg, Austria, mwaka 1756, na kati ya majina yake lilikuwamo Theophilus. Alipozunguka Italia akiwa kijana akajiita Amadeo, na baadaye akapendelea Amadè. Hiyo Amadeus aliitumia kwa utani tu. Sasa utani wa mtu ndio tuubandike kwenye cheti cha kuzaliwa?

Waliolishikilia zaidi ni watawala wa ukoo wa Savoia, kaskazini-magharibi mwa Italia. Ninayempenda ni Amedeo wa Tisa, aliyekuwa na kifafa na akafariki mwaka 1472. Inasimuliwa kwamba mgeni mmoja alimwuliza mbwa wake wa kuwindia wako wapi; akamwonyesha maskini waliokuwa wakila mezani pake, akasema hao ndio anaowinda nao mbingu.

Kisha kuna Amadeo wa Kwanza wa Hispania. Bunge lilimchagua kuwa mfalme Novemba 1870, na Jenerali Prim, aliyemtafuta mpaka akakubali, akapigwa risasi Madrid kabla mgeni wake hajatia mguu nchini. Alivumilia miaka miwili na ushei, Februari 1873 akaacha taji akarudi zake Italia. Wapo wanaomcheka. Kwangu mimi, mtawala anayejua kuondoka mwenyewe anastahili heshima. Mjukuu wake Amedeo, Duke wa Aosta, alisalimu amri kwa Waingereza huko Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akafia Nairobi akiwa mateka mwaka uliofuata. Kaburi lake liko Nyeri, ndani ya kanisa la Waitaliano.

Lakini nisijifanye msomi: kilichonivuta kwanza ni sauti. A-ma-de-o. Kila silabi inaishia na irabu, hakuna konsonanti zinazogongana, na bibi yako kijijini atalitamka bila shida yoyote. Amadeus utamsikia akiishia kuwa Amadeusi.

Kasoro ninayoiona ni moja. Mtaani watalikata liwe Deo, na kwa jinsi akina Deogratias walivyojaa kwetu, ukiita Deo uwanjani watageuka watoto wanne. Kazaneni na jina zima tangu siku ya ubatizo.