Safari ya Kikazi Si Likizo, Jamani

Ukiajiriwa Nakuru na kazi yenyewe ikatawanyika kutoka Kericho hadi Busia, kila mtu hukupongeza isipokuwa mgongo wako. Majirani wanaponiona alfajiri nikielekea steji na begi begani, husema nimebahatika, kwamba mwajiri ananitembeza bure na kunipa posho juu yake. Mama Watoto, ambaye katika mambo mengine ni mwanamke wa haki, amesadiki kwamba nikifika Kisumu shughuli yangu ni kuketi ufuoni nikichambua samaki aina ya ngege huku upepo wa ziwa ukinipepea. Ningependa kuwaeleza wote, kwa heshima, mambo yalivyo.

Matatu ya abiria kumi na wanne huchukua kama saa nne kutoka Nakuru hadi Kisumu, malori ya Salgaa yakitupisha, nayo hayana desturi hiyo. Unaondoka mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari ukiwa umevaa sweta, unatamani koti la pili kwenye baridi ya Mau Summit, unapita chai ya Kericho bila kuiona kwa sababu aliyeketi dirishani amefunga pazia alale, kisha unateremka hadi kwenye mpunga wa Ahero, ambako joto linakuvua sweta bila kukuuliza. Muda huo wote magoti yako kifuani, na mkuu wa idara anapiga simu kuuliza ripoti imefika ukurasa wa ngapi.

Mwaka wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka takriban maradufu mtu akisafiri kwa saa nne au zaidi akiwa ameketi bila kusogea, ingawa wanaopatwa hubaki wachache. Wataalamu hushauri mtu anyooshe miguu na kuzungusha vifundo. Nilipojaribu zoezi hilo tukiikaribia Awasi, mama aliyeketi mbele yangu aligeuka akaniuliza, kwa sauti iliyosikika hadi kwa dereva, kama nina shida naye.

Usingizi nao ni hadithi nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha mwaka wa 2016 kwamba mtu akilala mahali pageni usiku wa kwanza, upande mmoja wa ubongo hubaki macho kidogo ukisikiliza hatari. Kwangu mimi, ninayelala gesti iliyo juu ya baa, upande huo husikiliza rumba hadi saa tisa usiku, na hakuna anayeulipa saa za ziada. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini mikutano ya Jumatatu huanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo Jumapili yangu hupumzika ndani ya matatu, ikiwa imeketi wima. Nimekosekana nyumbani kiasi kwamba mtoto wangu wa mwisho alinikaribisha chai juzi kwa adabu anayowekewa mgeni, akaniuliza kama ninaondoka leo au kesho.

Haya yote ningeyavumilia kama si mhasibu. Posho huja baada ya safari, wakati mwingine baada ya safari inayofuata, kwa hiyo ni mimi ninayemkopesha mwajiri wangu bila riba. Kisha huja suala la risiti. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara inatakiwa iwe na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ndipo ikubaliwe kwenye hesabu za kodi, na mhasibu wetu ameipokea amri hiyo kwa furaha ya mtu aliyekuwa akiisubiri tangu utotoni. Nilimweleza kwamba aliyeniuzia mahindi ya kuchoma Mau Summit alikuwa akikimbia kando ya gari lililokwisha kuondoka, na kwamba mwendesha bodaboda wa Kondele, nilipomwomba ankara ya kielektroniki, alizima pikipiki, akanitazama kwa huruma, na kunishauri ninywe maji kwa sababu jua lilikuwa kali. Mhasibu alisema anaelewa kabisa, kisha akakata pesa hizo.

Ndugu nao wana madai yao. Shangazi yangu wa Nyalenda anajua ratiba yangu kuliko ofisi, na nisipopita kwake huwapigia simu wazee kuwaarifu kwamba nimekuwa mtu mkubwa. Safari iliyopita alinipigia mapema: "Mwanangu, wewe unasafirishwa na kampuni, kweli viazi vya Molo vitakushinda?" Nikabeba gunia. Makanga alilipima kwa macho, akalitoza nauli ya mtu mzima, na kwa maajabu ya Mungu akaandika risiti yenye tarehe, kiasi, sahihi na muhuri, risiti nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa barabarani. Niliiwasilisha pamoja na nyingine kwa matumaini. Mhasibu aliisoma mbele na nyuma, akaisifu mwandiko, kisha akauliza gunia hilo lilikuwa limealikwa kwenye mkutano upi.